Kitufe cha "Endelea kwa Google": Kinajua Jina Lako, Hakijui PIN Yako

Ukifungua tovuti yetu ya wafanyabiashara siku hizi, chini ya mahali pa kuandika nambari ya simu na nenosiri utaona kitufe kipya: "Endelea kwa Google". Tangu tukiweke, maswali yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa wenye maduka hapa Eldoret. Je, Google sasa wataona pesa zangu? Nikibonyeza, nimewapa paswadi yangu? Mtu akiiba Gmail yangu, ameiba na tili?

Ni maswali mazuri, na kitufe chenyewe si chetu peke yetu. Utakikuta kwenye tovuti za kutafuta kazi, za masomo, za kununua vitu, na kwenye programu kibao zilizo ndani ya simu yako. Ukikielewa hapa, umekielewa kila mahali.

Jibu fupi ni hili: kitufe hicho kinatuambia wewe ni nani. Hakitupi ruhusa ya kugusa pesa zako, wala hakiwapi Google ruhusa hiyo. Lakini kuna jambo moja kinalobadilisha, na ndilo tunalotaka ulishike leo: ulinzi wa mlango unahama. Awali ulikuwa kwenye nenosiri ulilolitunga kwetu. Ukibonyeza kitufe, ulinzi huo unahamia kwenye Gmail yako. Sasa swali ni moja tu: Gmail hiyo ni ya nani, na nani mwingine anaweza kuifungua?

Kwa nini tulikiongeza

Nenosiri ni mzigo. Mwenye agroveti pale Uganda Road ana nenosiri la tovuti yetu, la iTax, la eCitizen, la benki na la Facebook. Binadamu huyo atafanya nini? Atatumia neno moja kila mahali, ama ataliandika nyuma ya kitabu cha risiti. Wengine, na hili linatutia wasiwasi zaidi, hutumia tarakimu zile zile za PIN yao ya pesa kama sehemu ya nenosiri. Siku tovuti moja dhaifu ikivamiwa, mwizi anapata ufunguo wa zote.

Kitufe cha Google kinapunguza mzigo huo. Hutungi nenosiri jipya, na sisi hatuna nenosiri lako la kuhifadhi. Kitu ambacho hatuna, hakiwezi kuibwa kwetu.

Wazo lenyewe si geni. Facebook walileta mfumo wao wa aina hii mwaka 2008, Google wana wao, na Apple walitoa wao mwaka 2019. Nyingi za huduma hizi zimejengwa juu ya utaratibu uitwao OAuth 2.0, uliochapishwa Oktoba 2012, ambao tovuti za dunia nzima hutumia ili mtu aweze kutambulishwa bila kugawa nenosiri lake.

Barua ya chifu

Fikiria umeenda ofisi usikojulikana na unaulizwa, "Wewe ni nani, na nani anakufahamu?" Unarudi kwa chifu wako. Chifu anakujua, na anaweza kukuuliza maswali mawili matatu kuhakikisha ni wewe kweli. Akiridhika anakuandikia barua, anaweka sahihi na muhuri, anaandika tarehe na jina la ofisi unayoipelekea. Ofisi ikiiona inakuhudumia. Chifu hakuwapa ufunguo wa nyumba yako, na ofisi haikuhitaji kujua siri mlizoulizana na chifu.

Kitufe kinafanya vivyo hivyo. Ukikibonyeza, tovuti yetu inakuondoa kwetu na kukupeleka kwa Google. Huko, kwenye ukurasa wa Google wenyewe, ndiko unakoandika nenosiri la Gmail. Sisi hatulioni. Google wakiridhika wanakuuliza kama unakubali tujue jina lako na barua pepe yako. Ukikubali, wanakurudisha kwetu na barua mkononi.

Barua hiyo mafundi huiita tokeni, na hapa mnunuzi wa stima hatuhitaji kumfunza sana. Ukinunua stima kwa simu unapewa tarakimu 20. Tokeni iliyotolewa kwa mita yako ya Langas haiingii kwenye mita ya jirani wala ya shangazi yako Kapsoya. Tokeni ya Google iko hivyo hivyo: imeandikwa kwamba ni ya tovuti yetu, na tovuti nyingine ikiletewa inapaswa kuikataa. Ina sahihi ya Google ambayo kompyuta zetu huikagua kabla ya kukufungulia. Tena ina muda. Ile ya kukutambulisha hudumu saa moja tu, kisha haifai kitu.

Basi Google wanajua kwamba uliingia kwetu, na saa ngapi. Hawaoni salio lako, hawaoni wateja wako, hawaoni umeuza mifuko mingapi ya mbolea.

Tunachoomba, na kisichofaa kuombwa

Kwenye ukurasa wa kukubali, tovuti hutaja inachotaka. Sisi tunaomba vitu viwili: jina na barua pepe. Basi. Ukiona programu yoyote, hata iwe na nembo inayofanana na yetu, inaomba kusoma barua pepe zako, kuona majina uliyohifadhi kwenye simu au kufungua faili zako ili tu uingie, rudi nyuma.

Tunasema hivi kwa sababu gharama yake inajulikana. Miaka kumi hivi iliyopita, programu moja ya maswali kuhusu tabia za watu iliwekwa kwenye Facebook. Watu kama 300,000 waliingia kwa akaunti zao za Facebook na kukubali ruhusa bila kusoma. Wakati huo Facebook iliruhusu programu kuchukua pia habari za marafiki wa aliyekubali. Mwaka 2018 Facebook wenyewe walikadiria kwamba habari za watu hadi milioni 87 huenda ziliifikia kampuni ya Cambridge Analytica. Hatukuwa mbali na sakata hilo: Machi mwaka huo, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo alinaswa na kamera fiche ya runinga ya Channel 4 ya Uingereza akijigamba kuhusu kazi waliyofanya kwenye kampeni za Kenya za 2013 na 2017.

Facebook walikuwa wameshaufunga mlango huo wa marafiki. Lakini tabia ya kubonyeza "Kubali" bila kusoma bado tuko nayo, na hapa kwetu imewauma wengi kupitia programu za mikopo: unakubali zisome majina kwenye simu, ukichelewa kulipa, mwajiri na mama mkwe wanapigiwa simu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka anayekusanya habari zako achukue zile tu anazohitaji kwa kazi aliyokutajia. Sheria hii ina meno. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya kidijitali faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Pesa bado ni PIN

Turudi kwenye swali lililotuletea simu nyingi. Mtu akiingia kwa Gmail yako, anaweza kutoa pesa?

Kwetu, hapana. Kuingia na kutoa pesa ni milango miwili tofauti. Mlango wa kwanza unakuonyesha dashibodi: malipo yaliyoingia kwenye tili, taarifa ya mwezi, orodha ya wafanyakazi. Ukitaka kuhamisha pesa, kurudishia mteja au kubadilisha akaunti ya benki inayopokea, ombi linaibuka kwenye simu yenye laini uliyosajili, na unaweka PIN hapo kwenye simu. Tovuti yetu haikuulizi PIN kamwe. Google hawaijui. Facebook hawaijui. Wahudumu wetu hawaijui. Ukurasa wowote wa intaneti unaokwambia uandike PIN yako ya pesa, hata ukiwa na rangi zetu, ni wa mwizi.

Lakini usilale. Mwizi aliyeingia kwenye dashibodi bila PIN bado amepata mengi. Ameona unauza kiasi gani kwa siku na majina ya wateja wako wakubwa. Kesho anakupigia akijifanya ni sisi, anakutajia malipo ya jana saa nane mchana kwa shilingi kamili, nawe unamwamini. Hapo ndipo PIN inapotoka mdomoni. Kwa hivyo mlango wa kwanza nao unahitaji kufuli.

Gmail hiyo ni ya nani?

Hapa ndipo shughuli ilipo. Tumezungumza na wateja wengi katika mitaa ya Sisibo, na hali nne zinajirudia.

Ya kwanza: Gmail ya fundi. Uliponunua simu, kijana wa duka alikufungulia akaunti ya Google ili Play Store ifanye kazi. Nenosiri alilitunga yeye. Nambari ya kuokoa akaunti huenda ni ya duka lake. Simu imekuwa ikifanya kazi tu, na hujawahi kuulizwa nenosiri. Akaunti ya namna hii usiitumie kuingilia kwetu hadi uimiliki kweli. Jaribu kubadilisha nenosiri. Kama hulijui, chagua njia ya "umesahau nenosiri" ukiwa kwenye simu ileile, maana mara nyingi Google hutuma swali la kuthibitisha kwenye simu ambayo tayari imeingia. Ikishindikana, fungua Gmail mpya kwa jina lako. Ni bure.

Ya pili: Gmail ya mfanyakazi. Mwenye duka yuko shambani Moiben, na duka linaendeshwa na msichana hodari aliyemaliza chuo. Yeye ndiye aliyejisajili kwetu, kwa Gmail yake. Siku akipata kazi Nairobi anaondoka na mlango wa duka mfukoni, hata kama hana nia mbaya. Mwenye biashara aingie kwa Gmail yake mwenyewe, kisha amwongeze mfanyakazi kama mfanyakazi, na ruhusa za mfanyakazi tu. Akiondoka, unamtoa kwenye orodha na maisha yanaendelea.

Ya tatu: saiba. Unaenda saiba kuchapisha taarifa ya mwezi, unabonyeza "Endelea kwa Google", unachapisha, unabonyeza "Toka", unalipa, unaondoka. Umetoka kwetu, lakini hujatoka Google. Ile kompyuta bado inakujua. Anayekaa baada yako akifungua Gmail anakuta barua zako, na akija kwenye tovuti yetu na kubonyeza kitufe, anaingia kama wewe. Kwenye kompyuta isiyo yako fungua dirisha la faragha, na ukimaliza ulifunge. Ama tumia nambari ya simu na msimbo tunaokutumia. Ndiyo sababu hatukuiondoa njia hiyo.

Ya nne: laini ya zamani. Gmail yako inakumbuka nambari uliyoiacha miaka mitatu iliyopita kama nambari ya kuokoa akaunti. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudi sokoni ikauzwa kwa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye anayeweza kupokea misimbo yako. Ibadilishe leo.

Kwa nini tunakusumbua mara ya kwanza

Wengine wamelalamika: "Barua pepe yangu mko nayo tayari. Kwa nini nikibonyeza kitufe mnataka tena msimbo wa simu?"

Ni kwa sababu barua pepe inayofanana si ushahidi wa kutosha. Mtu yeyote angeweza kuandika anwani yako wakati wa kujisajili, kwa kukosea ama kwa makusudi, kisha asubiri. Tungeunganisha akaunti kwa kufanana kwa anwani tu, siku unayobonyeza kitufe ungejikuta ndani ya akaunti ambayo yeye pia ana ufunguo wake. Kwa hivyo mara ya kwanza unaingia kwa njia ya zamani, unathibitisha kwa msimbo uliotumwa kwenye laini uliyosajili, ndipo tunaunganisha. Baada ya hapo hatukutambui kwa anwani bali kwa nambari maalumu ambayo Google humpa kila mwenye akaunti na ambayo haibadiliki, hata ukibadilisha jina au anwani.

Chifu akifunga ofisi

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa muda wa saa sita hivi duniani kote. Wengi wanakumbuka kimya cha WhatsApp siku hiyo. Lakini waliokuwa wakiingia kwenye tovuti nyingine kwa akaunti ya Facebook nao walikwama nje, ingawa tovuti hizo zenyewe zilikuwa nzima.

Kuna na siku ambayo barua zenyewe huibwa. Septemba 2018 Facebook walitangaza kwamba wavamizi walipata tokeni za kuingilia kwenye akaunti, na baadaye wakasema walioathirika ni watu kama milioni 30. Kampuni ilizifuta tokeni hizo, na mamilioni ya watu wakajikuta wametolewa na kutakiwa kuingia upya.

Funzo ni moja: usiwe na mlango mmoja tu. Ukiunganisha Google, acha pia nambari yako ya simu kama njia ya pili. Siku Gmail ikigoma saa ya kufunga hesabu, hutakaa nje ya duka lako mwenyewe.

Ukurasa bandia, na ukurasa unaogoma

Kabla ya kuandika nenosiri la Gmail popote, tazama juu kwenye anwani. Lazima isomeke accounts.google.com, herufi kwa herufi. Ikiwa na nyongeza kama "google-ingia" au "accounts-google", funga. Ukiwa tayari umeingia Gmail kwenye simu yako, kwa kawaida Google watakuonyesha jina lako uchague tu. Ukiombwa nenosiri upya kwenye simu ambayo kila siku inakufungulia Gmail, tilia shaka kwanza.

Na kama umebonyeza kiungo chetu ukiwa ndani ya programu ya Facebook, halafu Google wakakukatalia, usidhani tovuti imeharibika. Google hawakubali mtu aingie kupitia dirisha lililo ndani ya programu nyingine, kwa kuwa programu hiyo ingeweza kuchungulia unachoandika. Fungua kiungo kile kile kwenye Chrome au kivinjari kingine na kitakubali.

Fanya haya leo, dakika kumi tu

1. Fungua myaccount.google.com na uingie sehemu ya usalama. Hakikisha nambari ya simu na barua pepe ya kuokoa akaunti ni zako na unazitumia.
2. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kisha chukua misimbo 10 ya akiba ambayo Google hukupa, uiandike kwenye karatasi na uiweke nyumbani, si dukani wala kwenye simu hiyo hiyo.
3. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako. Ukiona simu uliyoiuza ama kompyuta usiyoijua, itoe.
4. Tazama orodha ya programu na tovuti ulizoziunganisha. Usizozitumia tena, zikate. Kwenye Facebook, orodha hiyo iko kwenye mipangilio, sehemu ya programu na tovuti.
5. Ingia kwetu, fungua "Wafanyakazi", na uhakikishe kila jina unalolikuta bado ni mtu wako.
6. Kama nenosiri lako lolote lina tarakimu za PIN yako, badilisha PIN kwanza, halafu nenosiri.

Kitufe cha Google si lazima. Ukipenda kuingia kwa nambari ya simu kama zamani, endelea hivyo, na hakuna huduma utakayoikosa. Ukipenda kitufe, kitumie kwa Gmail ambayo nenosiri lake unalijua wewe peke yako. Ukikwama popote, tupigie kupitia nambari iliyo nyuma ya bango la tili yako. Tutakuuliza jina, biashara na tatizo lako. PIN hatutakuuliza, na yeyote atakayekuuliza si sisi.